Habari za Kupimwa Damu katika Nchi ya Unyantuzu

Waandishi wa tarikhi wanapoitaja nchi ya Wanyantuzu, walio tawi la Wasukuma, ambayo mji wake mkuu siku hizi ni Bariadi na ambayo imepita mikononi mwa Wajerumani, Waingereza na hatimaye wenyewe, mpaka ikawa makao ya mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, aghalabu hutaja pamba, ng'ombe, watemi na mbuga ya Serengeti iliyo upande wa mashariki. Lakini ni nadra kulitaja tone la damu litolewalo katika ncha ya kidole cha mama mjamzito asubuhi ya siku ya kliniki, na hali tone hilo nalo lina habari ndefu, iliyopita katika malale na buba, katika hofu ya mumiani na katika vitabu vya wanazuoni, kabla ya kuufikia ukurasa wa kadi ambayo mama huyo huichukua kwenda nayo nyumbani. Habari hiyo nataka kuieleza hapa, kwa kuwa ina funzo moja ambalo halijazoeleka kusemwa, nalo ni kwamba kipimo cha damu kililetwa katika nchi hii kwa haja ya mpimaji, na ilichukua karibu umri wa mtu mzima kabla hakijawa haki ya mpimwa.

Isidhaniwe kwamba kabla ya kuja kwa hadubini watu hawakuijua safura. Upungufu wa damu ni maradhi yanayojitangaza kwa macho: kope za ndani hupauka, vitanga vya mikono hupoteza wekundu wake, ulimi hulainika na kuwa mweupe, moyo huenda mbio kwa kazi ndogo, na mtu aliyezoea kulima tangu alfajiri hadi jua la utosi hukaa chini ya mti kabla ya jua kupanda. Mama mkwe aliyemtazama mkamwana wake aliyejifungua mara tatu kwa mfululizo aliweza kusema, bila chombo chochote, kwamba damu imemwishia. Na mtoto aliyeonekana akila udongo alijulikana kuwa ana upungufu mwilini. Hata leo tabibu aliye mbali na maabara huanza kwa kufunua kope ya mgonjwa. Ila macho yana mpaka: humwona aliyeishiwa sana, na humpita yule aliyepungukiwa kwa wastani, na yajapomwona, hayawezi kusema damu imekwenda wapi.

Na njia za damu kupotea katika nchi hii zilikuwa nyingi kuliko moja. Msimu wa mvua, ambao huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa Mei, uliwaletea watu mazao na mbu kwa pamoja, na malaria hupasua chembe nyekundu za damu kwa jinsi vimelea vyake vinavyozaana ndani yake. Mkulima wa pamba aliyekwenda peku shambani alijitia katika hatari ya minyoo ya safura, ambayo hupenya katika ngozi ya mguu, husafiri mpaka utumbo, ikajishikiza huko kunyonya damu kidogo kidogo kwa miaka. Aliyeoga au kuteka maji katika lambo alipata kichocho, ambacho humfanya mtoto wa kiume akojoe damu hata wenzake wakadhani ni jambo la umri. Chakula nacho kilikuwa na hila yake: ugali wa mtama au uwele, michembe na maziwa humshibisha mtu, lakini madini ya chuma yaliyomo katika nafaka hayanyonywi mwilini kwa wepesi, na maziwa yana chuma kidogo sana. Msukuma aliye na ng'ombe wengi zizini hakuwa mlaji wa nyama kila siku, kwani ng'ombe ndiye mahari, akiba na heshima yake, wala hachinjwi pasipo sababu. Hivyo ikawezekana kwa nyumba yenye mali nyingi ya miguu minne kuwa na watoto wenye vitanga vyeupe.

Hadubini iliingia nchi hii kwa sababu ya maradhi mengine. Mwaka 1922, wakati ambao Bariadi ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa, yalizuka malale katika mapori ya upande huo, yakaishtua serikali mpya ya Waingereza, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano tangu kukabidhiwa Tanganyika baada ya vita. Matabibu walikuja kutafuta vijidudu katika damu na tezi za watu, na Charles Swynnerton, bingwa wa elimu ya mbung'o, alichunguza mapori na wanyama wake na kuandika habari za mlipuko ule mwaka 1923. Kwa watu wa vijiji vile, huenda hii ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuona damu yao ikipakwa juu ya kioo na kutazamwa na mtu aliyefumba jicho moja. Aliyekutwa na kidudu alitibiwa. Asiyekutwa aliambiwa aende zake. Hapana aliyeulizwa kama ana damu ya kutosha, kwa kuwa swali lile halikuwa la serikali. Serikali ilitaka kujua maradhi yamefika wapi na watu wahamishwe wapi, na damu ilikuwa shahidi wa habari hiyo.

Katika miaka ile ile watu wa Tanganyika walijifunza kuipenda sindano. Buba, maradhi ya vidonda yaliyowaumbua watoto na wakubwa, yaliponywa kwa sindano chache, na habari ya ajabu hiyo ilienea kwa haraka hata watu wakatembea mwendo wa siku nyingi kuitafuta. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti ambayo wapimaji wa baadaye waliipata kwa tabu: kutiwa dawa mwilini kulikubalika kwa furaha, kutolewa damu kulitiliwa shaka. Hadithi za mumiani, ambazo zilisikika pwani na bara, mijini na mashambani, zilisimulia juu ya watu wanaotumwa usiku kukamata wapita njia na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa ya wageni. Msomi wa leo aweza kuzicheka hadithi hizo, lakini insafu inatutaka tukiri kwamba zilikuwa na hoja ndani yake: mtu aliyetolewa damu, asiambiwe imechukuliwa kwa nini, wala kuonyeshwa kilichopatikana, alikuwa na haki ya kushuku kwamba faida ni ya mwingine.

Vyombo vya kupimia wingi wa damu vilikuwapo tayari duniani. Mwaka 1900 tabibu wa Finland, T. W. Tallqvist, alitoa kijitabu cha karatasi ya kunyonya chenye safu ya rangi nyekundu kuanzia iliyofifia hadi iliyokolea, na mpimaji alidondosha tone la damu juu ya karatasi, akalinganisha. Hermann Sahli wa Uswisi alitengeneza kipimo chenye yakini zaidi: damu kidogo ilichanganywa na asidi, ikageuka rangi ya kahawia, kisha maji yakaongezwa tone kwa tone mpaka rangi yake ikalingana na ile ya kioo cha mfano kilichowekwa ubavuni. Vyombo hivi viwili vilisafiri katika masanduku ya matabibu na wamisionari wa Afrika Mashariki kwa muda wa miaka hamsini na zaidi. Dosari yake ilikuwa kutaja damu kwa sehemu ya mia, na mia hiyo haikuwa moja kwa watengenezaji wote, hata mtu aliyehesabiwa kuwa mzima kwa chombo hiki aliweza kuhesabiwa mgonjwa kwa kile. Na dosari nyingine ilikuwa kwamba hukumu ya rangi iliachiwa jicho la mpimaji, ambalo huchoka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi ya Usukuma ikawa uwanja wa mipango mikubwa. Mpango wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulifanya makao yake Malya, katika Kwimba, si mbali na mpaka wa Maswa, na hapo ndipo walipokutania watemi wa shirikisho la Wasukuma. Malambo yakachimbwa, watu wakashawishiwa kuhamia ardhi mpya, na pamba ikaongezwa. Hapo hapo Malya wakapiga kambi matabibu wa uchunguzi wa afya wa Afrika Mashariki, wakiongozwa na daktari William Laurie. Pamoja naye alikuwapo daktari Hope Trant na mtaalamu wa hesabu William Brass, ambaye baadaye jina lake lilikuwa kubwa katika elimu ya kuhesabu watu; na kitabu chao juu ya afya ya watu wa Kwimba kilitoka mwaka 1954. Damu, mkojo na choo vya wanakijiji vilichunguzwa nyumba kwa nyumba, kwa nia ya kujua mzigo wa maradhi unaobebwa na watu wanaodhaniwa kuwa wazima, yaani wale ambao hawakuja hospitali.

Nia ile ilikuwa njema na kazi ile ilikuwa ya bidii, na chuo cha utafiti kilichostawi Mwanza kutokana na juhudi za zama hizo kimeendelea hadi leo kikiwa tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Lakini matunda ya uchunguzi yaliandikwa kwa Kiingereza, yakapelekwa Nairobi na London, na kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya mwanamke wa Kwimba au wa Unyantuzu aliyechangia tone lake. Tena mpango wenyewe ulibeba kinyume ambacho kimewatatiza wengi: malambo yaliyokuwa rehema kwa ng'ombe yalifaa pia kuwa maskani ya konokono wa kichocho, na hivyo mkono uliojenga uliweza kuharibu bila kukusudia.

Wakati huo huo siri nyingine ya damu ya watu wa kanda ya Ziwa ilikuwa ikifunuliwa. Tangu mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alipoeleza chembe za damu zenye umbo la mundu alizoziona kwa kijana mwanafunzi kutoka Grenada, matabibu walijua kwamba ipo safura ya kurithi. Swali lililobaki lilikuwa hili: ikiwa maradhi hayo huua watoto, kwa nini asili yake haitoweki? Jawabu lilitoka Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alisafiri mwaka 1949 akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona kwamba chembe za mundu zimejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni haba katika milima ya baridi. Yaani zilifuata mahali penye malaria. Mwaka 1954 alitangaza kwamba aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na mwaka 1956 akatoa hesabu zilizotegemea watoto na watu wazima wa wilaya ya Musoma, jirani na nchi ya Simiyu. Kumbe jambo lile lile linalomkinga baba na mama huwa msiba wa mtoto anayerithi kwao wote wawili. Elimu hiyo iliingia vitabuni kote ulimwenguni, na hata leo hufundishwa kama mfano maarufu. Ila katika zahanati za nchi iliyotoa ushahidi huo, kipimo cha seli mundu kilikuwa bado kigeni miaka hamsini baadaye.

Kwa wajawazito, mwanga ulitoka Bombay, ambako mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Lucy Wills aliwachunguza wanawake maskini, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, akaona kwamba safura yao haikutokana na upungufu wa chuma peke yake, ila na kirutubisho kingine ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la foliki. Ndiyo sababu vidonge apewavyo mama katika kliniki ya Bariadi leo vina chuma na foliki pamoja. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka iliyotumika kwa miaka mingi: mwanamke asiye mjamzito awe na gramu 12 katika desilita ya damu, mjamzito 11, na mwanamume 13. Kuanzia hapo ile mia yenye maana nyingi ikaanza kuachwa, na damu ikapata lugha moja.

Baada ya uhuru, kipimo kilianza kubadili mmiliki. Siasa ya kujenga zahanati vijijini, iliyoshika kasi baada ya Azimio la Arusha, iliwasogeza wauguzi na wakunga karibu na watu. Na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafundisha wananchi kwa Kiswahili chao habari za mbu, vyoo na maji, ambazo kwa hakika ni habari za damu. Mwaka huo huo ikaanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Tofauti na kitabu cha Malya, maneno haya yalielekezwa kwa wenye miili. Mama alipewa kadi, na katika kadi ile palikuwa na nafasi ya kuandika wingi wa damu, na kadi ilikaa kwake, wala haikusafirishwa London.

Njia hiyo haikuwa tambarare yote. Katika miaka ya 1980 na 1990 klorokwini, dawa iliyokuwa ngao ya watoto, ilizidi kushindwa na malaria. Homa iliyotibiwa nusu ilirejea na kurejea, na kila mara iliondoka na sehemu ya damu, hata wodi za watoto za kanda ya Ziwa zikajaa wagonjwa waliohitaji kuongezewa damu usiku ule ule. Na ni katika wakati huo UKIMWI ulikuwa umeingia kanda hiyo, Kagera ikiwa ya kwanza nchini mwaka 1983, na chupa ya damu iliyokuwa wokovu ikawa yenye hatari ndani yake. Jamaa waliokimbilia hospitali kujitolea damu kwa ajili ya mtoto wao walikutana na kipimo kipya, cha kujua kama wao wenyewe wana virusi vya UKIMWI, na wengi walikiogopa kama mababu zao walivyomwogopa mumiani. Klorokwini iliachwa mwaka 2001, dawa ya mseto ikaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006, na mpango wa taifa wa damu salama ulioanzishwa mwaka 2004, wenye kituo cha kanda Mwanza, uliondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo.

Uchunguzi wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2004 na 2005 ulipima damu nyumba kwa nyumba kwa mashine ndogo ya mkononi, ambayo husoma tone moja kwa muda usiozidi dakika moja. Ilionekana kwamba watoto 72 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, na wanawake 48 katika kila 100, walikuwa na upungufu. Mwaka 2022 hesabu zilikuwa 59 na 42. Aliyezitazama hesabu hizi atafurahia kushuka kwa ile ya watoto, kisha atahuzunika akikumbuka kwamba bado zaidi ya nusu ya watoto wa taifa wanaanza maisha na damu pungufu. Tofauti moja na kazi ya Malya yastahili sifa: aliyepimwa katika uchunguzi huu aliombwa ridhaa kwanza, na aliambiwa hapo hapo damu yake ni ngapi.

Lakini kujua ni ngapi hakutoshi, na ushahidi wake ulitoka Pemba. Katika kisiwa kile watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku bila kupimwa kwanza, kwa matumaini kwamba wangestawi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba, mahali penye malaria nyingi, waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Wale waliokuwa na upungufu wa chuma kwa kweli, wakaangaliwa malaria yao, hawakudhurika kwa namna ile. Maana yake ni nzito kwa mkoa kama Simiyu: chuma ni dawa kwa aliyepungukiwa na chuma, na aweza kuwa mzigo kwa mwingine. Mtoto mwenye minyoo ahitaji dawa ya minyoo. Mwenye kichocho, dawa ya kichocho. Mwenye malaria, tiba ya malaria na chandarua. Na mwenye seli mundu, ambaye chembe zake nyekundu huishi siku chache badala ya siku 120 za kawaida, hataponywa kwa kulishwa mchicha na maini, wala mama yake asilaumiwe kwamba hamlishi.

Na wa namna hii si wachache. Wachunguzi wa Bugando, hospitali kuu ya Mwanza, walitumia matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi, ambayo yalikuwa yamekwisha kukusanywa kutoka kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi kwa ajili ya kipimo kingine, wakatangaza mwaka 2020 kwamba mtoto mmoja katika kila watano hivi amebeba asili ya seli mundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika 100 ana maradhi yenyewe. Hivyo karatasi ya kunyonya, iliyoanza na Tallqvist, imerudi kwa kazi nyingine. Hata Shirika la Afya Duniani lilitoa katika miaka ya 1990 kadi ya rangi sita nyekundu kwa zahanati zisizo na mashine, ikiwa ni fikra ile ile ya mwaka 1900 iliyosahihishwa.

Siku hizi, katika kliniki za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, utawasikia wanawake wakiulizana damu zao kama wanavyoulizana bei ya pamba: huyu ana kumi, yule tisa, mwenzao amepanda kutoka nane. Kwa mtu aijuaye tarikhi niliyoieleza, mazungumzo hayo ni ushindi mkubwa, kwani hesabu iliyokuwa mali ya kambi na wizara imekuwa maneno ya kinywani mwa wenye damu, na hofu ya kutolewa tone imekwisha kwa sababu tone sasa hurudisha jawabu. Ila ushindi huo ni wa nusu. Swali la kwanza, damu yangu ni ngapi, limepata mahali pake katika kadi. Swali la pili, imepunguaje, bado halina nafasi iliyoandikwa, na zahanati nyingi za vijijini hazina maabara ya kulijibu, hata mama mwenye nane kwa sababu ya minyoo na mwenye nane kwa sababu ya malaria huweza kuondoka na vidonge vya namna moja. Serikali ikiongeza hadubini na wataalamu wa kuitumia katika kila kituo, na mama akizoea kuuliza swali la pili kwa sauti ile ile anayoulizia la kwanza, bila haya na bila kuomba radhi, basi deni lililofunguliwa Maswa mwaka 1922 litakuwa limelipwa.